Wote wamechukua maksimani, mimi nishike nini?

*Safu ya maswali ya wasomaji: gemu za simu*

SWALI: Dada mambo, natumai mzima. Mimi nipo Morogoro nasoma chuo mwaka wa kwanza, Mobile Legends, ile gemu ya simu ya watano kwa watano, nimeanza mwezi wa pili huu, washkaji wa hosteli ndo walinionyesha. Wao wako renki za juu kwahiyo siwezi kuingia nao, nacheza klasiki, zile mechi zisizo za renki, peke yangu na watu nisiowajua ili nijifunze kwanza. Sasa shida kila nikiingia watu watatu wameshika maksimani, wale wapigaji wa mbali, wa nne kashika asasini, muuaji wa kuvizia, alafu wanakaa wananisubiri mimi. Juzi nikachukua Tigreal kwasababu hamna aliyetaka tanki, yule wa kusimama mbele kupokea vipigo, nikafa mara 11, nikatukanwa kwa lugha hata sizijui. Jana nikasema basi na mimi nachukua Layla wangu, tukawa maksimani wanne, tukamalizwa dakika ya tisa. Ivi mimi ni mbovu au? Maana nafikiria kuifuta tu, inakula bando bure. Ni kama mchangani kwetu zamani, kila mtu mshambuliaji, mdogo ndo anasukumwa golini.
— *Mgeni wa Leni, Morogoro*

JIBU: Mambo poa mdogo wangu, na usiifute kwanza. Barua yako nimeisoma mara mbili kwasababu kwenye barua 10 ninazopata za wanaoanza, kama sita hivi zinasema hilihili kwa maneno mengine, na wengi wanamaliza na swali lako, mimi ni mbovu au. Hapana. Kwa hizo mechi mbili ulizonihadithia hatuwezi hata kujua kama wewe ni mbovu au mzuri, maana zilishaharibika kwenye skrini ya kuchagua hiro, yaani mhusika wa kucheza nae, kabla hamjatoka hata kwenye ngome.

Ngoja nikueleze kwanini, nianze na ile ya Layla. Goldi, hela ya kununulia vitu ndani ya mechi, ni kama sufuria moja ya wali, haiongezeki kwasababu mmekuja wengi. Minioni, wale askari wadogo wanaojiendesha, akifa na nyie mmesimama watatu karibu nae, mnagawana. Sasa maksimani ndo mtu mwenye njaa kuliko wote kwenye gemu, dakika za mwanzo hana nguvu, hana damu, anasubiri anunue vitu viwili vitatu ndo aanze kuuma, na ndo maana kuna leni ya goldi, yaani njia yake ya kula, pale minioni wa mwanzo wanatoa hela zaidi na anatakiwa akae mtu mmoja ashibe. Nyie mlikuwa wanne mmebanana kwenye sufuria ya mmoja. Wenzenu upande wa pili labda walikuwa na tanki mmoja, meji (mchawi) mmoja, maksimani mmoja, kila mtu anakula kwake, kufika dakika ya tano yule maksimani wao peke yake ana vitu kuliko nyie wawili mkijumlishwa. Alafu Layla hana skili ya kuruka, nguvu yake yote iko kwenye kupiga kutoka mbali, anahitaji mtu wa kusimama mbele yake apokee vipigo. Mbele yako alikuwepo nani? Maksimani mwingine, nae anaangalia nyuma kutafuta wa kumkinga.

Kinachoniuma zaidi ya kushindwa kwenu ni kile ulichojifunza siku ile. Mtu anayeanza anajifunza kwa kuona sababu na matokeo, nimesogea mbele nikapigwa, nimerudi nikapona, nimeenda kumsaidia mwenzangu tukaua. Kwenye mechi ya maksimani wanne hiyo kamba inakatika, ukisogea unakufa, ukirudi unakufa, ukijificha chini ya mnara unachelewa tu kufa, basi kichwa kinaandika kwamba Layla ni kukaa chini ya mnara. Ukirudia mechi 20 za hivyo inakuwa tabia, na siku utakayopata timu iliyokamilika utaendelea kukaa chini ya mnara wakati wenzako wanakuita mbele. Nimeona watu wana mechi mia tatu, mikono yao mizuri kabisa, lakini ramani hawaiangalii maana mechi zao zote za mwanzo hakukuwa na mtu wa kufanya ramani iwe na maana, hamna romu, yule wa kuzunguka kusaidia leni zote, hamna jangla, yule wa kuwinda wanyama wa porini, Kobe, mnyama mkubwa wa ramani, anatoka dakika ya 2 hamna anayemfuata, Lodi, mkubwa kuliko Kobe, anatoka dakika ya 8 hamna anayejua kazi yake.

Sasa Tigreal wako. Kufa mara 11 kunaonekana vibaya kwenye ubao lakini embu jiulize swali lingine, kila ulipoingia na ulti, ile skili kubwa, ukawakusanya maadui watatu sehemu moja, kuna mtu yeyote aliwapiga? Tanki kazi yake ni kufungua mlango, wa kuingia ni meji na maksimani, na nyuma yako walikuwa wanne wenye njaa wasio na vitu, ulti yako ikawa ni zawadi kwa adui, umejipeleka katikati yao na hamna aliyekuja. Hapo hata mchezaji wa miaka mitano angekufa mara nyingi. Kosa ambalo inawezekana ni lako, na nalisema kwasababu karibu kila tanki mpya analifanya, ni kuingia bila kuangalia nyuma. Kabla hujabonyeza ulti tupia jicho kwenye ramani ndogo, kama hamna mtu wako ndani ya hatua chache usiingie, rudi. Na uvae viatu vya romu mapema, vimetengenezwa ili wewe usile goldi ya minioni za mwenzako, ukitembea na maksimani bila hivyo viatu unamnyima chakula huku unadhani unamlinda.

Kwanini watu wanafanya hivi? Wala sio roho mbaya. Klasiki haina nyota za kupoteza, kwahiyo mtu anaingia kujaribu skini, yaani vazi la hiro, aliyonunua, mwingine anamalizia kazi za siku, mwingine kaona video ya mtu kaua watano peke yake na maksimani nae anataka, na hakuna video ya tanki aliyesimama kichakani dakika nzima ili adui asipite. Kila mmoja kwa peke yake yuko sawa, wakikutana watano ndo balaa, na anayelipa ni yule asiyejua kwamba mechi haitakiwi kuwa hivyo, yaani wewe. Mzoefu akipigwa anasema timu ilikuwa mbovu anaingia nyingine. Mgeni akipigwa anasema mimi ni mbovu.

Cha kufanya. Kwanza kuna kitu umekielewa vibaya kuhusu washkaji wako, mipaka ya renki iko kwenye mechi za renki tu, klasiki mnaingia pamoja hata mmoja yuko Mythic, renki ya juu, na mwingine kaanza jana. Ukweli ni kwamba mnaweza kukutana na wapinzani wagumu, lakini ukiwa na wawili tu unaowajua, mmoja akashika romu na mmoja jangla, wewe unapata leni yako peke yako na unajifunza leni ilivyo. Waombe mechi mbili kwa siku, tena waambie waziwazi kwamba hutaki kubebwa, unataka washike zile nafasi zisizo na mtu. Ni tofauti kubwa sana hiyo.

Pili, kwa zile siku unazoingia peke yako, uwe na kazi mbili, moja unayoipenda na moja isiyopendwa. Usiwe wa kwanza kubonyeza, subiri uone wenzako wanashika nini, leni ya goldi ikiwa wazi chukua Layla wako kwa raha, ikishachukuliwa usiende kuwa wa pili, shika romu. Najua romu inaonekana kama kudaki golini kwa nguvu kama ulivyosema, ila ngoja nikupe mfano. Desemba 2021 kule Singapore kwenye mashindano ya dunia ya M3, timu ya Blacklist International ya Ufilipino ilibeba kombe kwa kuwapiga ONIC ya hukohuko Ufilipino 4-0 fainali. Kapteni wao OhMyV33nus alikuwa mtu wa romu, na timu yao ilisifika sana kwa kumtumia Estes, yule mponyaji ambaye kwenye klasiki mtu akimchukua anaonekana kakosa cha kuchukua. Sababu ipo, mtu wa romu hafungwi na leni, anaona ramani nzima, kwahiyo anajua mapema pigano linataka kuanzia wapi. Kwa anayeanza hiyo ni shule, ukicheza romu mwezi mmoja kwa akili ukirudi leni ya goldi utakuwa unahisi adui anakuja kabla hajaonekana.

Kama Tigreal amekutisha anza na Estes mwenyewe, kumponya mwenzako hakuhitaji mtu mwingine aelewe ulichofanya, hata timu ikiwa ovyo kazi yako inaonekana. Na kabla ya hapo piga mechi tano sita na kompyuta, hiro yuleyule, mpaka vidole vijue skili zilipo bila kuangalia.

Jangla kwa sasa hapana. Nasema hapana kabisa, kuna mambo mengi sana ya kufanya kwa saa na mtu asiyejua saa za wanyama anaiumiza timu nzima kuliko hata maksimani watatu.

Matusi nyamazisha. Bonyeza ubao wa mechi, zima sauti na maandishi ya huyo mtu, endelea. Na nitafute tena baada ya mwezi uniambie umefika wapi, nasubiri kweli.

SWALI: Dada, mimi niko Mythic msimu wa tatu huu. Klasiki naitumia kujaribu mahiro wapya, na sehemu kubwa najifunza jangla. Juzi dogo mmoja alikuwa keshachukua Retribution, ile nguvu ya mtu wa jangla ya kupiga wanyama, na mimi nikachukua, akanijazia malalamiko mechi nzima. Si klasiki ni ya mazoezi? Niende nikajifunzie wapi?
— *Mythic wa Mbagala*

JIBU: Klasiki ni ya mazoezi kaka, yako na yake, na hapo ndo penye tatizo. Wewe unajua vizuri kuliko mimi kwamba mtu aliyevaa vitu vya jangla dakika za mwanzo minioni zinampa kidogo, riziki yake iko porini, sasa mkiwa wawili pori ni lilelile, yule dogo hana pori na leni haimlishi, anakuwa mtu wa kuzurura. Wewe kwa uzoefu wako utajikwamua, utaiba wanyama wa adui, utaenda kwenye mauaji, yeye hana hizo njia. Mechi hiyo umejifunza hiro wako na yeye hajajifunza chochote.

Nina ombi moja kwako, na naomba ulichukue kwa uzito. Ukiona mtu keshashika Retribution wewe iache, hata kama ulikuja kwa ajili hiyo, chukua romu mechi hiyo moja umlinde wakati anachukua Kobe, ukamwonyesha asimame wapi, mechi inayofuata utapata jangla yako. Mikono yako ya Mythic ikiwa kwenye nafasi tupu inawanyoosha watu wanne. Na kama hiro ni mpya kabisa kwako tengeneza chumba cha kastomu na marafiki, pale jaribu mpaka uchoke.

Kuna gemu zilishaamua kutowaachia wachezaji hili jambo. Overwatch, gemu nyingine ya timu, mwaka 2019 waliweka foleni ya nafasi, unachagua kabla ya mechi kama ni tanki, mpigaji au mponyaji na hubadilishi, wakati ule timu ilipangwa wawili wawili. Ilisaidia, timu zikawa na umbo, lakini waliotaka kuwa wapigaji wakawa wanasubiri foleni muda mrefu kuliko wengine maana wao ndo wengi. Kwahiyo hata ikilazimishwa kuna anayelipa. Mimi naona heri mzoefu aliyepo ndani ya mechi ajitolee mwenyewe, ni dakika 15 tu.

SWALI: Habari yako dadangu. Mimi nina watoto watatu hapa Mombasa, wavulana wawili na kitinda mimba msichana wa miaka 11. Jioni wanacheza hiyo Mobile Legends pamoja, kila mmoja na simu, na kila siku kaka zake wanamwambia yeye awe yule wa kuponya, awafuate nyuma. Juzi amelia, amesema yeye hachezi, anatumwa. Mimi sijui gemu lakini machozi nayajua. Je hiyo kazi ni ya kudharauliwa?
— *Mama Watatu*

JIBU: Nzuri mamangu, shikamoo. Kazi yenyewe haidharauliki, hapo juu nimeeleza kuna mabingwa wa dunia waliochukua kombe huku kapteni wao akiwa kwenye nafasi hiyohiyo. Ila mtoto amesema neno sahihi, kutumwa. Mwenye kuichagua romu anaamua aende wapi, amponye nani, aanze pigano saa ngapi, na wenzake wanamsikiliza. Yeye amepewa hiro wa kapteni akanyimwa sauti ya kapteni, anafuata tu nyuma ya mtu mmoja, na kwa kucheza hivyo atapita miezi bila kujua hata leni ikoje.

Kaa nao kabla hawajaanza, hauhitaji kuijua gemu. Waambie kila mechi ya kwanza ya jioni yeye anachagua wa kwanza, chochote anachotaka, hata akitaka maksimani, na kaka mkubwa ndo anashika romu siku hiyo amlinde. Akifa asichekwe, nao walikufa sana walipoanza. Na siku akiamua mwenyewe kurudi kwa mponyaji, basi yeye ndo aseme twende kwa Kobe au tusiende, na kaka zake waende.