Lulu ikiwekwa mezani kwako

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kupima vito hapa Dar es Salaam, tanzanaiti mtazizoea upesi. Lulu huja mara chache, nazo ndizo zitakazowatoa jasho. Mama ataleta kidani alichoachiwa na bibi yake wa Unguja, aulize: hii ni lulu kweli? Humo mna maswali mawili, msiyajibu kwa pamoja.

La kwanza, kama ni lulu au bandia, ni jepesi. Isugueni taratibu kwenye ncha ya jino: lulu hukwaruza kidogo, bandia ya kioo au plastiki huteleza. Kisha tazameni tundu la uzi kwa lenzi ya mara 10. Kwenye bandia mara nyingi mtaona rangi imebanduka.

Lakini lulu ya kufugwa nayo hukwaruza, maana ni chaza yuleyule aliyeijenga, kwa vibamba vya aragonaiti, madini ya chokaa, vyenye unene wa takriban nusu ya elfu moja ya milimita, vilivyoshikanishwa na protini. Kwa hiyo swali la pili, la asili au la kufugwa, jino haliwezi kulijibu. Wala jicho. Sonara akiwaambia anazitambua kwa kuzitazama tu, msikilizeni kwa heshima, kisha pimeni.

Jibu liko ndani. Mfugaji hupachika mwilini mwa chaza gololi iliyochongwa kwenye ganda la kome wa maji baridi, pamoja na kipande cha ngozi laini ya chaza mwingine, ile inayotengeneza ganda. Kipande kile hukua, huizingira gololi, huifunika kwa lulu. Chembe hai za ngozi ile ndizo mjenzi. Ile hadithi ya punje ya mchanga iacheni. Lulu ya asili kwa kawaida huanza pale chembe hizo zinaposogezwa ndani ya mwili na jeraha au kimelea.

Gololi huonekana kwa eksirei, mpaka wake ukiwa wazi. Hapa wengi hujikwaa: hawaoni gololi, wanaandika “asili”. Lulu nyingi za maji baridi kutoka China hufugwa kwa kipande cha ngozi peke yake, bila gololi. Ndani yake tafuteni kijipengo kilichojikunja katikati. Pimeni na madini pia: za maji baridi zina manganizi zaidi, za baharini strontiamu zaidi.

Mkipata nafasi pandeni boti mwende Fumba, Unguja, ambako akina mama wamefuga chaza wa nusu lulu. Gololi iliyokatwa nusu hugandishwa kwenye ganda lenyewe, njia aliyofanikiwa nayo Mikimoto, mfugaji wa lulu wa Japani, mwaka 1893. Ganda moja lililofunguliwa mkononi litawafundisha kuliko picha nyingi.

Katika kuzishika, siki, ndimu na manukato ni marufuku karibu nazo, na jasho la Dar nalo lina chumvi. Futeni kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Msizitie kamwe kwenye mashine ya kusafishia ya mitetemo.

Kama ofisi yenu haina eksirei, kwenye risiti andikeni: “Lulu halisi; kama ni ya asili au ya kufugwa, haijapimwa.” Msomeeni mama maneno hayo kabla hajaondoka, maana akienda kuiuza, tofauti ya bei kati ya hizo mbili ni kubwa mno.