Maswali na majibu: Asilimia 94 haisemi kilichobaki

*Mradi wetu wa kubadili mfumo wa mishahara umetimiza asilimia 94 ya masharti ya sheria. Bodi inataka tuuwashe Jumatatu. Tuwashe?* (Dar es Salaam)

Hujataja jambo ninalolihitaji: hiyo sita iliyobaki ni nini? Kama ni saini kwenye mwongozo wa mafunzo, washeni. Kama ni makato ya PAYE (kodi ya mshahara) au NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) yanayokokotolewa vibaya, hata 99 haitoshi, kwa sababu kosa litaingia kwenye kila mshahara, kila mwezi, mpaka mtu alishtukie. Asilimia inazipa hoja zote, yaani masharti ambayo bado hayajatimizwa, uzito mmoja, nzito na nyepesi. Kila hoja iandikiwe mambo matatu: nani ataumia ikiachwa, nani anaifanyia kazi (jina la mtu, siyo idara), na imekaa wazi siku ngapi. Hoja nzito ikibaki hata moja, Jumatatu isogezwe.

*Mzabuni ametupa barua kwamba mfumo uko tayari. Inatosha?* (Arusha)

Haitoshi. Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza ilihamia mfumo mpya ikiwa na wateja milioni 5.2. Wengi walishindwa kufikia fedha zao, na mambo hayakutulia mpaka Desemba. Mwaka 2022 wasimamizi wa sekta ya fedha waliitoza benki faini ya pauni milioni 48.65. Mwaka uliofuata ofisa wake mkuu wa TEHAMA alitozwa pauni 81,620 yeye binafsi, kwa kutomsimamia mzabuni ipasavyo. Uthibitisho wa mzabuni ulikuwepo, lakini ofisa huyo hakuhakikisha vya kutosha kama mzabuni mwenyewe ana uwezo wa kazi ile. Barua ipokeeni, kisha mwambieni awaonyeshe matokeo ya majaribio, mkiwa mmekaa naye.

*Naomba kiolezo cha rejista ya hoja.* (wasomaji wanne)

Chora safu za hayo mambo matatu niliyomjibu msomaji wa Dar es Salaam, ongeza ya ushahidi. Tafadhali msiniombe tena.

*Hoja ikishafungwa kwenye rejista, kuna haja ya kuirudia?* (Mwanza)

Ipo, na hapa ndipo ninapogombana na wengi. Niliwahi kukaa na timu ya mradi katika kampuni moja, rejista yao yote kijani, yaani kila hoja imefungwa. Mstari mmoja ulisema: "Akaunti za walioacha kazi zimefungwa." Nikamwomba kijana wa TEHAMA ajaribu ile ya karani wa stoo aliyeondoka miezi mitano nyuma. Alibofya mara moja, skrini ikafunguka: bei, wateja, kila kitu. Chumba kilikaa kimya. Aliyeifunga hoja ile alikuwa ameona barua pepe ya kuagiza akaunti zifungwe, akaihesabu kuwa kazi imeisha. Tangu siku hiyo sikubali hoja ifungwe na mtu yuleyule aliyepewa kuifanyia kazi. Afunge mwingine, baada ya kujaribu kwa mkono wake. Kila mwezi okota chache zilizofungwa, uzijaribu upya. Idadi ya zinazofunguka tena ndiyo kipimo ninachokiamini kuliko vyote.

*Mfumo mpya utahifadhi taarifa za wafanyakazi nje ya nchi. Hilo si la TEHAMA tu?* (Dodoma)

Hapana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu tarehe 1 Mei 2023, na kusafirisha taarifa nje kuna masharti yake. Mwone mwanasheria wiki hii, na uulize kama kampuni yenu imesajiliwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

*Tuna miradi saba na kila mmoja unaishia na hoja zilezile. Tuzipunguzeje?* (Dar es Salaam)

Mnazitibu mradi kwa mradi. Ziwekeni zote kwenye jedwali moja, mzipange kwa chanzo. Mara nyingi nimekuta chanzo ni kimoja: afisa wa sheria anaitwa wakati wa majaribio, mkataba ulishasainiwa zamani, na kila sharti analolitaja linageuka kazi ya nyongeza ambayo mzabuni anaidai pesa. Mradi unakosa fedha, hoja inaahirishwa "awamu ya pili", na awamu ya pili haiji. Hesabuni ni hoja ngapi kati ya zenu zingeonekana kwenye rasimu ya mkataba, mpeleke idadi hiyo kwa mkurugenzi kabla hajasaini wa nane.