Mtungi Uliovuja Njiani Kwenda Loiyangalani

Swali lenu la wiki hii linauliza: “Ni lini ulimjua upya rafiki uliyedhani unamfahamu?” Nadhani wengi watawaandikia habari za mikopo, harusi na magonjwa. Jibu langu ni la baiskeli nne na mtungi mmoja wa maji, na kuna sehemu yake ambayo sijamwambia mtu kwa miaka miwili.

Tulikuwa wanne, wote wa Nanyuki, na kwa karibu miaka 20 tumekunywa chai kwenye kibanda kimoja kila Jumamosi. Mwalimu ni mwalimu kweli, wa jiografia, na hata shule zikifungwa yeye hafungi. Kijana ni mdogo wake; ana miaka 38, lakini jina hilo atazikwa nalo. Fundi anatengeneza baiskeli na pikipiki karibu na stendi. Mimi nauza misumari, mabati na saruji, na wananiita Bosi kwa sababu ndiye mwenye madeni mengi kuliko wote.

Fundi nilidhani namjua kama kiganja changu. Hapotezi maneno na hasemi uongo, basi. Akikwambia baiskeli yako haifai tena, hata ulie, kauze chuma chakavu. Akikudai shilingi kumi atakudai mbele ya mkwe wako. Mara moja alimwambia mteja mwenye haraka kwamba kazi yake haijaguswa kwa sababu yeye alikuwa amelala. Fundi mwingine gani anasema hivyo?

Wazo la safari lilikuwa la Mwalimu. Alichora ramani nyuma ya karatasi ya mtihani: Nanyuki, Isiolo, Marsabit, halafu kuteremka jangwa la Chalbi kupitia Maikona, Kalacha na North Horr, hadi Loiyangalani kwenye Ziwa Turkana. Tulichagua Agosti. Shule zimefungwa na mvua haipo, maana Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale, na ikinyeshewa hugeuka tope ambalo hata lori linaweza kulala humo.

Sisi watatu tulikuwa na baiskeli za gia, za mtumba. Fundi akaja na Black Mamba, lile dubwana la chuma lisilo na gia ambalo baba zetu walibebea maziwa na makaa. Tulimcheka mpaka mama wa kibanda akatoka kuangalia. Yeye akasema tu, “Gia ni kitu kimoja zaidi cha kuharibika,” akaendelea na chai yake.

Nanyuki iko kwenye mstari wa ikweta, karibu mita 1,950 juu ya bahari, na wengi hudhani kwenda Isiolo ni kuteremka tu. Sivyo. Kwanza unapanda hadi Timau, na ukiipita Timau bado unapanda, ngano huku na huku, Mlima Kenya mkono wa kulia. Fundi alisukuma Black Mamba kwa miguu muda mrefu, akatukuta tumemaliza maandazi yote. Halafu ndipo mteremko unapoanza, zaidi ya mita 1,000 hadi Isiolo. Unaanza ukiwa umevaa sweta, unamaliza ukitafuta kivuli. Kwa baiskeli yangu ilikuwa raha. Kwa Black Mamba ilikuwa mateso kuliko kupanda, kwa sababu breki zake ni fito za chuma zinazobana vipande vya mpira kwenye rimu, na mteremko wa namna ile mpira huanza kunuka kama kiatu kilichoangukia jiko. Kila baada ya kilomita chache Fundi alisimama, akagusa rimu kwa mate ya kidole, akakaa juu ya jiwe hadi zipoe. Tulimngoja Isiolo saa mbili nzima. Usiku, kwenye hoteli, Mwalimu akasema kwa upole wa kiualimu kwamba hakuna aibu mtu akipanda basi arudi nyumbani. Fundi akaomba aongezewe sukuma wiki.

Pale Isiolo tulinunua mtungi wa plastiki wa lita kumi kwa muuzaji mmoja wa sokoni, uwe wa maji ya akiba ya wote. Tuliufunga kwa mpira kwenye karia ya Black Mamba. Karia zetu za kisasa zilikuwa nyembamba kama waya wa kuanikia nguo.

Njia ya kwenda Marsabit sitaisimulia sana, siku hizi ni lami. Mto Ewaso Nyiro tuliuvuka Archers Post, mlima Ololokwe ukasimama mbele yetu siku nzima kama mkate uliokatwa kwa kisu, na usipopungukiwa na maji hadi Laisamis hakuna la ajabu. Isipokuwa mbigiri. Mbigiri ni mdogo kama punje ya mahindi, lakini vyovyote utakavyoanguka, mwiba mmoja unatazama juu. Tulikaa pembeni kupumzika mara moja tu, tukasukuma baiskeli kurudi barabarani, na magurudumu matano kati ya manane yakaanza kutoa pumzi. Tangu siku ile tulijifunza kuzibeba begani kila tunapoiacha lami.

Kutoka Logologo unaanza kupanda tena. Marsabit ni mlima wa volkano uliojitenga katikati ya ukame, na msitu wake unanasa ukungu, kwa hiyo unatoka kwenye joto la tanuri na kuingia kwenye baridi ya kutafutia blanketi. Mwalimu alipanda mlima wote akitusimulia habari za Ahmed, ndovu wa Marsabit mwenye pembe zilizokaribia kugusa ardhi, aliyelindwa kwa amri ya Rais Kenyatta mwaka 1970 hadi alipokufa 1974. Pumzi zilimwishia katikati ya kila sentensi, lakini hakunyamaza. Kijana aliniambia pembeni kwamba nyumbani ni hivyo hivyo.

Kanuni ya Mwalimu ilikuwa moja: jangwani mtu huondoka saa kumi na moja alfajiri, kabla ya jua. Na kutoka Marsabit kanuni hiyo ilimpa sifa. Upepo wa kule hutoka kusini-mashariki, unabanwa kati ya milima ya Ethiopia na nyanda zetu za juu, na una tabia ya ajabu: nguvu zake ni usiku na asubuhi, mchana hulegea. Ndiyo sababu mitambo 365 ya kuzalisha umeme wa upepo ilijengwa upande wa kusini wa ziwa. Sasa kutoka Marsabit kwenda Maikona na Kalacha unaelekea kaskazini-magharibi, kwa hiyo upepo unakusukuma mgongoni. Tulishuka kati ya mawe meusi ya volkano kama karatasi zilizopeperushwa, Mwalimu mbele akiimba. Tulipofika kwenye uwanda wenyewe wa Chalbi, chumvi nyeupe imekauka na kupasuka vipande vipande kama vigae, baiskeli ziliteleza bila kelele. Mbele kulikuwa na maji. Kulikuwa na minazi na maji, ninyi! Mazigazi matupu, lakini Kijana aliapa ameona hata mashua.

Baada ya Maikona tukaingia kwenye mchanga, na hapo gia ya nyuma ya Mwalimu ikaingia kwenye spoki. Ule mkono mdogo unaokaza cheni ulikatika kabisa, ukabaki unaning'inia. Mwalimu alikaa chini. Sikuwahi kumwona akikosa la kusema.

Fundi aliigeuza baiskeli kichwa chini. Alitoa msumari wa zege alioukata ncha, akatafuta mawe mawili meusi, moja likawa fuawe na lingine nyundo. Aligonga pini ya cheni taratibu, taa-taa-taa, hadi ikatokeza nusu, akaitenganisha kwa mikono. Kisha akahesabu meno kwa kidole, akachagua gurudumu dogo la katikati lililo sawa na la mbele ili cheni isikae upande, akakata vipande vilivyozidi, akaunganisha. Saa nzima. Aliposimama, baiskeli ya Mwalimu ilikuwa haina gia tena. “Sasa ni Mamba,” akasema. Hilo ndilo neno pekee alilolipiza kwa yote ya Isiolo.

North Horr tulipumzika siku moja. Mzee mmoja wa Kigabra alitukaribisha chai ya maziwa ya ngamia, yenye harufu ya moshi wa chombo, akatuita vijana, jambo lililotufurahisha sana. Akauliza tunatoka saa ngapi kesho. Mwalimu akamjibu. Mzee akatikisa kichwa: kuelekea Loiyangalani mnageukia kusini, asubuhi upepo utawapiga ubavuni na usoni, tokeni alasiri, upepo ukishachoka. Mwalimu alimshukuru kwa heshima zote, na saa kumi na moja alfajiri tukaondoka.

Sijui niuelezeje upepo ule. Haukuwa na vishindo. Ulikuwa mkono umewekwa kifuani. Mchanga ulipigwa kwenye mashavu kama mchele unaopepetwa. Tulisukuma baiskeli kwa miguu tukiwa tumeinama kushoto, na kila ulipopumua kidogo tuliangukia upande huo. Ulipolegea, jua lilikuwa limeshika zamu. Kijiji cha Gas kilitupa maji, tukajaza, tukaendelea, lakini hesabu zote zilikuwa zimeharibika. Jioni ya siku ya pili chupa zetu zilikuwa tupu, na kwenye mtungi wa Black Mamba zilibaki lita nne. Tulikubaliana wote wanne kwa sauti: hakuna atakayeugusa usiku, asubuhi kila mtu lita moja, na hiyo itufikishe ziwani.

Usiku niliamka. Ulimi ulikuwa kama kipande cha ngozi ndani ya kinywa cha mtu mwingine. Upepo ulikuwa umerudi, unavuma sana kiasi kwamba mtu hawezi kusikia kifuniko kikifunguliwa. Nilikusudia mafunda mawili, ya kulowesha koo. Nadhani mnajua jinsi mafunda mawili yanavyohesabiwa gizani. Nilipouweka chini, niliusikia mkononi kwamba si mtungi ule ule.

Asubuhi Kijana ndiye aliyeuinua. “Jamani.” Mwalimu akauchukua, akautikisa, akatutazama mmoja mmoja, na nikamwona akianza kufungua mdomo kuuliza swali ambalo lingetumaliza. Mimi nilikuwa nakunja blanketi. Nililikunja vizuri sana blanketi lile.

“Umevuja,” Fundi akasema.

Mwalimu akasema haiwezekani, jana haukuvuja. Fundi akapitisha dole gumba kwenye mdomo wa mtungi. “Kifuniko hakikai. Nimekuta mchanga umelowa.” Mchanga ulikuwa mkavu kama unga, lakini nani angeinama kumkagua Fundi? Kama angesema jua limechomoza magharibi, tungegeuka kutazama. Mwalimu akaanza kumlaani muuzaji wa Isiolo, tangu babu yake hadi wajukuu.

Lita mbili zikagawanywa kwa nne. Nami nilipewa nusu lita yangu, nikainywa. Fundi alimimina karibu yote ya kwake kwenye chupa ya Kijana, akasema tumbo linamsumbua.

Siku ile tuliliona ziwa toka mbali, kijani kibichi, pana, na maji yake ni ya magadi. Unaweza kunawa, lakini ukinywa kinywa kinakuwa kama umelamba sabuni. Tuliendesha saa nyingi tukilitazama. Kijana alikuwa akilia bila kelele. Joto lilipita nyuzi 38, Black Mamba ilikuwa inalia kwenye pedali, kwik, kwik, na mimi nilikuwa nyuma yake nikitazama ule mtungi mtupu ukirukaruka kwenye karia.

Loiyangalani ina chemchemi ya maji matamu na mikoma ya kivuli. Tulikunywa, tukajimwagia, tukalala chini ya miti kama maiti. Jua lilipozama Fundi alikuwa akimwaga mchanga kutoka kwenye kiatu chake, karibu nami, hao wengine wakiwa wamesinzia. Bila kuinua kichwa akasema:

“Siku nyingine ukinywa usiku, Bosi, kaza kifuniko.”

Sikumjibu. Alivaa kiatu, akaenda kuulizia lori la samaki litakaloturudisha. Tangu hapo hajalitaja, hata tukiwa wawili tu gereji kwake, hata siku niliyochelewa kumlipa akanidai mbele ya wateja wangu watatu.

Hilo ndilo jibu langu. Mwalimu husoma gazeti hili kila wiki, tena huanzia na ukurasa huu, na kila Jumamosi bado humtaja yule muuzaji. Mwalimu, mwache yule mtu. Mtungi wake ninao hapa dukani, naweka mafuta ya taa, na mwaka wa pili huu haujadondosha hata tone.