Magogo ya mlingoti yaliyokauka: usianzie katikati

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Unasema jirani yako ni bibi mjane anayeishi na mjukuu, alikatiwa mlingoti (mkaratusi) miezi minane iliyopita, magogo yakaachwa uani, na sasa ukilipiga gogo shoka linaruka kama umepiga tairi. Unauliza kama kuna namna ya kuyapasua au utafute mtu wa msumeno wa moto, ule wa injini, aje amalize. Mimi niko Njombe, na kazi hiyo hiyo niliifanya kwa bibi mmoja, jirani yangu. Nilikosea kwanza, nikaja kupatia baadaye, kwa hiyo nitakueleza yote mawili.

Tuanze na mti wenyewe. Huku kwetu mtu akikwambia ana kuni nzuri, mara nyingi ana maana ya mti wa mwati (black wattle). Mwati mbichi unachanjika kama umechorewa mstari, hata mtoto wa darasa la sita anauweza. Mlingoti hauko hivyo. Nyuzi zake haziendi wima, zinajisokota kuzunguka shina, na kwenye baadhi ya miti tabaka moja linalalia kushoto na linalofuata linalalia kulia, zikashikana kama mkeka uliosukwa. Shoka likiingia kidogo tu linabanwa. Halafu mlingoti ukikauka unakaza vibaya sana. Watu wengi wanaamini kuni zikauke kwanza ndipo zichanjwe. Kwa mlingoti fanya kinyume: chanja wiki ile ile mti ulipoanguka, kisha ndiyo uanike. Kwa magogo yaliyopo nafasi hiyo imeshapita, ila ukisikia bibi anataka kukata mwingine, wahi.

Jirani yangu alikuwa na milingoti mitano ukingoni mwa bonde anakolima vinyungu, yaani bustani za bondeni. Maji yalikuwa yanapungua mwaka hadi mwaka, akaamua kuiondoa, maana miti ile inakunywa maji kweli kweli. Sehemu zilizonyooka zilichanwa mbao zikauzwa. Vipande vya chini vyenye mafundo vikabaki uani. Nilikuja kuvigusa mwezi wa sita, baridi imeshashika, usiku joto linashuka chini ya nyuzi 10. Asubuhi moja nilipita pale, tukasalimiana "kamwene", salamu ya huku kwetu, nikamkuta anachochea moto kwa magome na vijiti alivyookota, na magogo mazima yamelala hatua tatu kutoka mlangoni kwake. Iliniuma. Nikarudi nyumbani kuchukua shoka.

Nilipiga katikati ya gogo, pale kwenye kiini, kama ninavyopiga mwati. Nilipiga nusu saa nzima, mpini ukaanza kulegea kwenye tundu la shoka, gogo halijatoa hata kibanzi. Akapita mzee mmoja aliyekuwa akichana mbao kwa msumeno wa mkono enzi zake. Alisimama, akatazama, akaniambia: "Mwanangu, gogo la namna hiyo halipasuliwi moyoni. Linamenywa."

Hilo neno ndilo ninalotaka ulishike. Lisimamishe gogo juu ya kitako imara, kisiki au gogo jingine pana, siyo juu ya udongo, kwa sababu udongo unakula nguvu ya pigo. Sasa anzia pembeni. Pima kama vidole vitatu au vinne kutoka kwenye gome, piga hapo ili utoe ubao mwembamba wa ubavuni. Zungusha gogo, toa mwingine. Endelea kulizunguka mpaka libaki kiini peke yake, na kiini kikishakuwa chembamba hakina ubishi tena. Nyuzi zinalizunguka shina, kwa hiyo ukikata moyoni unalazimisha tabaka zote ziachane kwa pigo moja. Ukimenya, unapambana na chache kwa wakati.

Kabla hujainua shoka, soma uso wa gogo. Lililokaa miezi minane lazima lina nyufa zinazotoka kiini kwenda nje. Hizo ni njia, mti umeshaanza kazi kwa niaba yako. Tafuta ufa unaofika karibu na gome, na pigo lako lilale ndani yake. Fundo lilipo, lipishe. Ukiona fundo upande mmoja, menya upande mwingine kwanza na fundo ubaki nalo mwisho. Na usibadilishe mahali kila pigo. Mapigo matano kwenye mstari mmoja yanafanya kazi ambayo mapigo ishirini yaliyotawanyika hayaifanyi. Ukisikia sauti imebadilika kutoka mlio mkavu kuwa mlio wa kupwaya, ujue ndani pameachia.

Kwa mapande makubwa shoka pekee halitoshi. Tafuta kabari mbili za chuma, ikiwezekana tatu, na nyundo kubwa ile ya kuvunjia mawe. Moja haifai, kwa sababu ikibanwa ndani huna cha kuitolea. Kabari ya kwanza ipigie kwenye ufa hadi ufa upanuke, ya pili iweke mbele yake kwenye mstari ule ule, ya kwanza italegea yenyewe. Mimi nilikuwa na mbili za chuma, nyingine nikazichonga kwa tawi kavu la mwati, na zilinisaidia sana kushikilia ufa usijifunge. Hata likishapasuka, mlingoti utakuta vipande viwili bado vimeshikwa na nyuzi ndefu. Usivute kwa mikono, chukua panga uzikate, vinginevyo utachanika viganja.

Hapa naomba unisikilize kwa makini. Usipige mgongo wa shoka kwa nyundo, na usitumie mgongo wa shoka kama nyundo ya kupigia kabari. Nilikuwa nimekwama, kabari imezama, nyundo iko mbali, nikaona nipige kwa mgongo wa shoka mara mbili tu. Kipande cha chuma kisichofika ukubwa wa punje ya mahindi kiliruka kikanizamia kwenye ugoko. Kilitolewa zahanati siku hiyo hiyo, na kovu lipo hadi leo. Lakini mjukuu wa bibi alikuwa amechuchumaa hatua chache mbele yangu akikusanya vibanzi, na kimo chake alipochuchumaa kilikuwa sawa na ugoko wangu. Kila nikikumbuka hilo, mwili unanisisimka. Tangu siku ile mtoto hasogei karibu nikiwa na nyundo, na miwani ya fundi wa kuchomelea naivaa.

Kichwa cha kabari nacho kikitumika muda mrefu kinafumka, kinatoa kingo kama uyoga. Kingo hizo ndizo zinazoruka. Zisage kwa jiwe la kusagia au kwa tupa ya chuma kila unapoziona zinaanza. Kama kabari zako unachongesha kwa mhunzi, na wengi hutumia springi za gari, mwambie makali ayafanye magumu, kichwa akiache laini. Chuma kigumu juu na chini kinakatika vipande kikikutana na nyundo.

Mpini ukilegea, watu hulowanisha shoka kwenye ndoo usiku kucha. Linashika, ni kweli, lakini mbao ikikauka inasinyaa na kichwa kinalegea kuliko mwanzo, na kichwa cha shoka kikichomoka angani hujui kitamwangukia nani. Gonga kijikabari cha mbao kavu kwenye ncha ya mpini, au badilisha mpini kabisa.

Kuhusu msumeno: ndiyo, lipia, ila kwa kazi mbili tu. Ya kwanza ni kukata magogo marefu yawe mafupi, futi moja na nusu hivi, maana gogo fupi linapasuka kwa urahisi zaidi. Ya pili ni mapanda, pale shina lilipogawanyika. Panda la mlingoti usilipigie shoka, nyuzi za matawi mawili zimekumbatiana mle ndani na utajichosha bure.

Jambo nililochelewa kujifunza ni kumuuliza mwenye kuni. Siku ya kwanza nilimpangia bibi vipande vizuri, nikajisikia nimemaliza. Akavitazama, akanishukuru, akasema kwa upole, "Hivi ni vya kupikia msibani, mjukuu wangu." Yeye anapikia mafiga matatu yenye sufuria ndogo, na mikono yake haiinui kipande cha unene wa paja. Alitaka vya unene wa mkono wa mtoto, na rundo la vibanzi vya kuwashia. Nikarudia kazi yote. Kwa hiyo muulize bibi yako kabla hujaanza, akuonyeshe kipande kimoja cha kipimo anachokitaka.

Najua wapo watakaoandika hapa chini kwamba mnunulie gesi. Mkakati wa taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, na mimi nauombea ufike, nimeona macho ya bibi zetu yalivyo mekundu kwa moshi. Lakini jioni ya leo atapika kwa kuni, na kuni mbichi au nene ndizo zinazofuka zaidi. Ukimchanjia nyembamba na kumpangia mahali penye upepo na paa, juu ya mawe au miti ili zisiguse ardhi, unampunguzia moshi kuanzia wiki hii. Hata za ndani ya gogo la miezi minane bado zina maji. Shika kipande kilichotoka kwenye kiini utahisi ubaridi. Hizo ziweke upande wake, azitumie baada ya miezi miwili mitatu ya kiangazi.

Kwa bibi yangu kazi ilichukua Jumamosi nne, saa mbili hadi tatu kila mara, na kila Jumamosi nilikuta viazi vya kuchemsha na chai ya rangi vinanisubiri. Nilikataa mara ya kwanza, nikaona amenyong'onyea, sikukataa tena. Panda moja kubwa lilibaki, mtu wa msumeno alikuwa ameshaondoka. Nilipotaka kumwita arudi, bibi akaniomba niliache. Nililisogeza karibu na mlango wa jiko, na ndilo analokalia akimenya viazi.