Kupanda mikoko na vijana wa kanisa

Mwanangu,

Waalaikum salaam. Umeniuliza kama ni sawa wewe na wenzako wa msikitini kuungana na vijana wa kanisa kupanda mikoko hapa Mikindani, maana kuna aliyekwambia huko ni kuchanganya dini. Nenda, tena kwa moyo wako wote.

Dini haichanganyiki kwa kukanyaga tope pamoja. Qur'ani imetuamrisha tusaidiane katika wema na uchamungu. Mwaka 2007 maulamaa 138 walimwandikia Papa Benedict XVI na wakuu wengine wa Kikristo, wakawaita kwenye mambo mawili: kumpenda Mungu na kumpenda jirani. Hakuna aliyetakiwa kuacha itikadi yake. Mwaka 2015 Papa Francis alitoa waraka juu ya kuitunza dunia, na mwaka huohuo wanazuoni wetu wakatoa tamko lao la tabianchi kule Istanbul. Kila upande ulishika kitabu chake, na kazi waliyoiona mbele yao ni ileile.

Huyo aliyekutia wasiwasi muulize habari za mwalimu Salah Farah. Desemba 2015 al-Shabaab walilivamia basi la Mandera, wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Wakakataa. Wanawake wakawapa wenzao mitandio wajifunike. Mwalimu akapigwa risasi, na Januari akafariki. Mimi tukio hilo linanigusa kuliko tamko lolote, kwa sababu pale hapakuwa na nafasi ya kuitisha kikao.

Sasa kazi yenyewe. Mbegu ya mkoko huota ingali mtini. Mkiiokota ichomekeni topeni wima, ncha chini, isilale. Kisha mrudi mara kwa mara kutoa mifuko na chupa, kwa maana taka zikinasa kwenye mche huuangusha. Hapo ndipo wengi huchoka, picha zikishapigwa. Taka hizo zinateremka kutoka mitaa yetu sote, na samaki na kaa wanaozaliana kwenye mizizi ile tunawala sote. Mkipata nafasi nendeni Gazi, Kwale: wenyeji wa mradi wa Mikoko Pamoja wanalinda mikoko yao, wanalipwa kwa hewa ya ukaa ambayo miti hiyo inaifyonza, na pesa zimeingia kwenye maji na shule za kijiji.

Jambo moja nakuomba. Usifiche dini yako, wala usiwatake wenzako wafiche yao. Wakiomba kabla ya kazi, simama kwa adabu. Adhuhuri ikiingia, waage ukaswali. Zile dua za kuchanganya kila kitu ili mtu asiudhike sizipendi, naona hazimheshimu yeyote.

Siku ipangeni kwa bamvua, maji yanapokupwa sana. Isiwe Ijumaa mchana wala Jumapili asubuhi. Jumamosi ingefaa, ila uliza kwanza kama kuna Wasabato.

Mamako