Kijiti cha Sentimita 74 Kilichonirudisha Uwanjani

Jumamosi iliyopita, kule Kirigiti, Kiambu, nilipiga shabaha kwa bastola nikapata alama 271 kati ya 300. Risasi 30, mita 25, karatasi ambayo duara lake la kumi lina upana wa milimita 50. Nina miaka 51, na alama kama hizo sijazipata tangu nikiwa na 43. Nilikaa garini kimya kwa muda mrefu kabla ya kuwasha injini.

Matatizo yalianzia kazini. Mimi ni mhasibu, na 3 na 8 zilianza kufanana. Baadaye kijino cha mbele cha bastola, kile cha kulengea, nacho kikawa ukungu. Mwenzangu mmoja akaniambia mbele ya vijana, "Mzee, macho yamechoka, wapishe wengine." Maneno hayo yananiuma mpaka leo.

Nilinunua miwani ya progresivu kwa pesa nyingi, nikihakikishiwa dukani kwamba itatosha kwa kila kitu. Miwani ile juu ni ya mbali, chini ni ya kusoma, na katikati kuna ukanda mwembamba. Ofisini nilishinda nimeinua kidevu nione kompyuta, jioni shingo inawaka. Uwanjani, nikisimama wima jicho linapita sehemu ya juu na kijino kinapotea. Nikiinua kidevu, mkao wote unaharibika. Mwaka mzima ulipita hivyo.

Aliyeniokoa ni daktari wa macho kijana, binti wa umri wa mwanangu. Aliniuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Baba, hicho unachotaka kukiona kiko umbali gani?" Nilirudi nyumbani, nikanyoosha mkono kama ninavyolenga, mke wangu akapima kutoka jichoni hadi kijinoni: sentimita 74. Nikakata kijiti cha urefu huo, nikabandika kipande cha karatasi nyeusi nchani, nikampelekea.

Hesabu ya nguvu ya lenzi ni rahisi: gawanya 1 kwa umbali wa mita. Kwa 0.74 unapata kama 1.35. Tulijaribu +1.50, +1.25, kisha +1.00, na hiyo ya mwisho ilinipa kijino safi bila kuifuta kabisa karatasi ya mbali. Lenzi hiyo iko jicho la kulia tu, nayo ni ya polikaboneti, plastiki ngumu isiyovunjika kirahisi, maana maganda ya risasi huruka. Ya kompyuta, sentimita 65, ni miwani nyingine, +1.50.

Ndugu zangu, jicho haliwezi kuona sawasawa umbali wa aina mbili kwa wakati mmoja. Chagueni kijino, karatasi iwe na ukungu. Kwenye bastola yangu, kijino na pengo la nyuma, lile unalochungulia kijino ndani yake, vimeachana sentimita 16. Kijino kikikosea milimita 1 tu, risasi huenda pembeni zaidi ya sentimita 15. Pimeni umbali! Pimeni kabla ya kulipa hata shilingi. Na acheni kuokota miwani ya barabarani: namba ni moja kwa macho yote mawili, na hakuna anayewachunguza presha ya macho wala madhara ya sukari. Mkiona vibaya, nendeni mkapimwe, msikubali kuambiwa ni uzee.

Yule mwenzangu juzi alinifuata kuuliza namba ya lenzi yangu. Nilimwambia mkono wake ni mrefu kuliko wangu, akate kijiti chake.