Kata vyote lakini nazi iache: mapishi yaliyotuvusha kwa elfu tano kwa siku

Mwaka ule mume wangu alipopunguzwa kazini tulikua watu watano ndani, mimi, yeye, watoto wawili na mama mkwe. Usiku tukakaa na daftari la mtoto tukapiga hesabu, ikaonekana tukila kwa elfu tano kwa siku, mkaa humo humo, akiba itatufikisha miezi saba. Nikasema sawa, tunabana. Nikaondoa nyama, nikaondoa soda za Ijumaa, nikaondoa mkate wa dukani, nikaondoa na nazi, maana niliona nazi ni anasa, yaani buku zima unalitoa kwa kitu ambacho ukishakikamua unamwaga.

Wiki mbili tukala ugali na mchicha wa kuchemsha, kunde za maji na chumvi, dagaa wa nyanya. Chakula kipo na kinatosha, lakini kila nikiosha vyombo nakuta tonge hapa, vijiko viwili pale, watoto wanainuka mapema alafu saa nne usiku wanalia njaa, na mimi natoka kwenda kuwanunulia maandazi kwa jirani. Mama mkwe wangu ni mzaliwa wa Pangani, mtu wa maneno machache sana. Kama siku ya kumi na tano hivi akafungua pindo la kanga, akatoa buku, akamtuma mjukuu wake gengeni akalete nazi. Nikaona aibu, nikamwambia mama acha tu, si tunabana matumizi. Akanijibu, "Bana mwanangu, lakini hapo ulipopabana ndipo pa kupumulia."

Zile zile kunde zilizolala tangu jana, hakuongeza kitu isipokua tui na kitunguu kimoja, chungu kikarudi kimekwanguliwa. Na usiku ule sikununua maandazi. Kuanzia hapo ndo nikaamini, na leo nawaambia wenzangu ambao hali imewakaba: kata nyama, kata mafuta, kata vinywaji, nazi iache. Chakula rahisi kikikosa ladha kinabaki kwenye sahani, na hicho kilichobaki umeshakilipia.

Kwenye nazi yenyewe ntakaa kidogo kwa sababu hapo ndo penye hela. Mi nanunua soko la Mgandini, nikikosa nafasi nanunua gengeni hapa kwetu Makorora, Tanga, ambapo bei inapanda kidogo. Usichague kwa ukubwa. Itikise sikioni usikie maji, kama kimya iache, ipime mkononi iwe nzito, alafu angalia yale macho yake matatu, yakiwa na ukungu au unyevunyevu usiinunue hata ukipunguziwa bei. Ukishaivunja onja kipande kabla hujaikuna, na kama ni mbili onja kila moja peke yake. Wazee waliosema nazi mbovu harabu ya nzima walikua wanasema kitu walichokiona jikoni, mi nimeshamwaga sufuria zima la wali kwa sababu siku hiyo nilikua na haraka sikuonja, na kumwaga wali wakati huna hela inauma mpaka leo nikikumbuka.

Ikune laini, tia maji ya uvuguvugu kidogo tu, kama kikombe kimoja cha chai, pondaponda kwa mkono, kamua kwenye kifumbu au chujio. Hilo la kwanza ni kasimile, liweke pembeni usiliguse. Rudishia maji vikombe viwili ukamue tui la pili, kisha tena la tatu ambalo linakua jepesi kama maji yaliyooshea mchele. Siku hizi wengi tunasaga kwenye blenda na jagi zima la maji, tunachuja mara moja yote kwenye sufuria moja, alafu tunalalamika nazi moja haitoshi. Inatosha. Lile jepesi ndo linachemshia chakula kiive, la pili linaingia kikishalainika, kasimile linakuja mwisho kabisa, na hapo huondoki jikoni, unakoroga taratibu mpaka lichemke, ukilipa mgongo linakatika unabaki na mafuta juu na vipande vipande chini. Kwa watu watano nazi moja kubwa inanipikia wali na mboga siku hiyo hiyo, jepesi kwenye wali, zito kwenye mboga. Siku ya mboga peke yake natumia kizio kimoja tu, yaani nusu ya nazi, kile kingine nakipaka chumvi kwa ndani nakiweka pakavu, kesho asubuhi nakikuna mapema. Kisikae zaidi ya hapo.

Sasa chakula kilichotubeba kuliko vyote ni mihogo ya nazi. Mihogo huku Tanga haikosekani, fungu moja linashibisha nyumba nzima. Vunja ncha uangalie ndani, iwe myeupe, ukiona mistari ya bluu au nyeusi hiyo imeshakaa sana. Menya, pasua, toa ule mzizi wa katikati, chemsha na tui jepesi na chumvi mpaka ianze kupasuka. Tia la pili, kitunguu, pilipili mbuzi nzima usiikate, iwe inaelea inatoa harufu tu maana watoto wapo, malizia na kasimile, mchuzi uwe mzito unaoganda kwenye mwiko. Kama nina ng'onda, yule samaki mkavu wa chumvi, hata kipande cha kiganja, nakibabua kwenye makaa, nakiosha kwa maji ya moto kupunguza chumvi, nakichambua natupia humo, basi sufuria zima linanukia samaki na hela iliyotoka ni ndogo mno. Mvua inanyesha, umekaa kwenye mkeka na bakuli la mihogo ya moto, hapo mawazo ya kodi ya nyumba yanakaa pembeni japo kwa nusu saa. Mi nilikua naihitaji sana hiyo nusu saa.

Ila muwe makini, muhogo mchungu una sumu, huo sio wa kuchemsha ukala siku hiyo hiyo. Muulize muuzaji, na ukishaonja ukakuta uchungu tema, acha. Ule ndo unaolowekwa ukaanikwa ukasagwa unga wa bada. Na bada, huo ugali wa muhogo, kwa mboga ya mchunga, jamani, hapa wa Tanga wananielewa bila maelezo. Mgeni wa bara ukimpa mchunga mara ya kwanza anakunja uso, majani machungu kama dawa, lakini ukiujulia hutautaka mchicha tena. Unauchambua, unauchemsha, unamwaga maji ya kwanza, unaukamua kwa mkono, mwenye kuogopa uchungu anarudia tena, alafu unauunga kwa kitunguu, nyanya moja na tui la pili na kasimile. Uchungu hauishi wote na hautakiwi kuisha. Kipindi cha mvua mama mkwe alikua anauchuma mwenyewe pembezoni mwa mashamba, hatukutoa hata senti. Kisamvu nacho kizuri lakini kinakula mkaa, lazima kitwangwe na kichemke muda mrefu kabla ya tui, kwa hiyo hicho napika siku ambayo jiko linawaka kwa kazi nyingine.

Halafu mboga za majani kamulia ndimu ukishapakua, au watoto wapate chungwa baada ya kula, msimu wa machungwa ya Muheza yanakua bei chee kabisa. Sio ladha tu, madini ya chuma yaliyo kwenye majani mwili unayachukua vizuri zaidi ukipata na vitamini C, na chai ya rangi ukiinywa hapo hapo na chakula inayazuia. Nilikua silijui hilo, tulikua tunashushia chai kila mlo kwa sababu tulizoea tu. Sasa hivi chai nasogeza mbele.

Samaki. Watu wanasema Tanga tuna bahari basi samaki ni rahisi, sio kila siku. Upepo wa kusi ukikaza, ile miezi ya sita mpaka ya nane, vyombo vidogo vinashindwa kutoka na bei inaruka. Dagaa wao wanafuata giza, wavuvi wanawavua kwa taa usiku, kwa hiyo mbalamwezi ikiwaka dagaa wanapungua, ukienda soko la samaki la Deep Sea siku hizo utalipa zaidi upate kidogo. Mi nilianza kuuangalia mwezi kama mvuvi. Usiku wa giza ndo nanunua dagaa wengi kwa mpigo, nawaanika tena juani siku mbili hata kama nimeambiwa wameshakauka, natunza kwenye ndoo yenye mfuniko mpaka mwezi upite. Samaki wa kawaida naenda saa za mchana mchana, mnada wa asubuhi umeshaisha, wachuuzi wamebaki na vibua na vile vichwa vya samaki wakubwa ambao minofu yake imeenda mahotelini. Kichwa kimoja cha nguru kina nyama ambayo mtu asiyekijua hawezi kuamini. Nakipika mchuzi mwepesi wa ukwaju, au mbirimbi kama mti wa jirani umezaa, wali wa nazi pembeni, na mama mkwe ndo anapewa jicho na mashavu, hiyo ni heshima yake haina mjadala.

Kwenye nafaka na kunde sina mengi, mnayajua. Kunde, choroko na mbaazi nanunua kwa pishi sio kwa kibaba, ukinunua vibaba vinne kimoja kimoja unakuta umelipa zaidi ya pishi. Loweka usiku kucha umwage yale maji, mkaa unaookoa hapo ni wa chai ya asubuhi. Choroko ndo zinaiva haraka kuliko zote. Mbaazi za nazi nazila na maandazi ya kupika nyumbani, hicho ni kifungua kinywa ambacho watoto wakienda nacho shule hawahitaji hela ya kula. Makande napika mara moja kwa wiki sufuria kubwa, mchana na usiku hicho hicho.

Na mkaa wenyewe ndo unaomaliza watu kimya kimya. Ukinunua kopo kopo kila siku unapoteza, sisi tuliungana majirani watatu tukanunua gunia tukagawana. Jiko likiwaka linafuata mpangilio, kwanza kinachochemka muda mrefu, kisha mboga, kisha wali, na wali ukikauka maji naupalia, makaa machache juu ya mfuniko, chini nimebakiza kidogo sana, unaiva wenyewe na ule ukoko unakuja mwembamba wa rangi ya dhahabu ambao watoto wanaugombania. Makaa yanayobaki nafukia na majivu, jioni yanawasha upya.

Jambo moja la kuangalia, chakula cha nazi kinachacha upesi, joto letu la Tanga mnalijua na friji sisi hatukua nayo. Kwa hiyo kunde au makande ya kesho nayaacha bila tui, nayachemsha tena usiku kabla ya kulala nafunika, tui linaingia kesho yake sehemu inayoliwa tu. Wali wa kiporo nao ule asubuhi ukiwa umepashwa ukawa moto kabisa mpaka ndani, sio uvuguvugu, ukianza kuteleza au kunuka usimpe mtu. Tulikua tunaupasha na tone la mafuta na chai ya tangawizi, na mume wangu aliyekua anaamka na mawazo hata kuongea hataki, pale kwenye kiporo ndo alikua anaanza kuongea. Nilikua naisubiri sana hiyo saa ya asubuhi, kwa sababu nilijua akishakula tu ataniambia leo anakwenda kuulizia wapi.

Kuna waliokua wananishauri nipige pasi ndefu, yaani tule mara moja tu saa kumi jioni tulale. Kwa mtu mzima mmoja sijui, kwenye nyumba yenye watoto na mzee mi nilikataa na ningekataa tena. Bora uji mwepesi wa mahindi wenye kasimile vijiko viwili asubuhi, lakini mtu awe amekaa, amepewa kikombe chake.

Mume wangu alipata kibarua kingine mwezi wa nane tangu apunguzwe, akiba ilikua imeshapita siku zake. Nyama imerudi, Ijumaa kwa Ijumaa. Siku zingine tunakula vile vile, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Sasa hivi ni saa tatu usiku, kusi linapiga mabati, kunde za kesho nimeshaloweka na kizio nimekipaka chumvi. Mama mkwe ananiita uani, anataka kujua ukoko nimemwekea wapi.